Maneno ya Kiitaliano kwenye nota: jinsi ya kuyaelewa bila kukariri orodha nzima

Kwanza niseme wazi, ile njia ya kuchukua orodha ndefu ya maneno kutoka A mpaka Z, adagio hadi vivace, alafu unakesha unakariri kama mtoto wa shule anakariri tarehe za vita, mimi siipendi kabisa na sijawahi kuona mtu wa kwaya iliyomsaidia kwa muda mrefu. Utafaulu mtihani wa Jumamosi vizuri tu, Jumapili umekaa benchi la besi unakutana na *meno mosso* akili inaenda moja kwa moja kwenye meno ya mdomoni.

Haya maneno ni Kiitaliano cha kawaida, cha nyumbani na sokoni, na yamejengwa kwa vipande vichache vinavyojirudia rudia. Mtu anayeongea Kiswahili tayari anajua kuchezea lugha ya vipande, si ndio tunachofanya kutwa nzima, shika, shikilia, shikwa, shikana. Kwahiyo tutashika vipande kwanza, orodha itajileta yenyewe.

Nawaandikia zaidi wanakwaya waliokulia kwenye solfa na sasa wanataka kusoma mistari mitano, wapiga kinanda waliojifunza wenyewe kwenye simu, na vijana wa Kenya wanaofanya muziki KCSE. Tuanze.

Kwanini Kiitaliano hasa?

Kwa kifupi sana: miaka ya 1600 na 1700 Waitaliano ndio walikuwa wameshika soko, opera ni yao, waimbaji ni wao, wapiga violini wanaajiriwa kwenye majumba ya wafalme kuanzia London mpaka Vienna. Wakati huo nota nyingi hazikuwa na maelekezo kabisa. Giovanni Gabrieli wa Venice mwaka 1597 alichapisha kipande kikiwa na *piano* (sauti ndogo) na *forte* (sauti kubwa) zimeandikwa ndani, na hicho ni kati ya vya kwanza kuchapwa hivyo, baadae watu wakafuata na Kiitaliano kikabaki hata kwa watunzi wasiokiongea. Ndio maana leo mtunzi wa parokia ya Songea anaandika wimbo wa Kiswahili kwa solfa alafu juu kabisa anaweka *Moderato*, na hakuna anayeshangaa.

Hatua ya 1: fungua mdomo kabla ya kufungua kamusi

Hapa sisi tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu za Kiitaliano tunazo zote, a e i o u, na zinasomwa wazi kama zetu. Alafu mkazo wa maneno mengi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili: mo-de-RA-to, an-DAN-te, le-GA-to. Kwahiyo tatizo letu linabaki kwenye konsonanti kadhaa, na hizi ukizikalia siku moja umemaliza:

- c ikifuatwa na e au i inakuwa *ch* yetu. Dolce ni *dolche*, voce ni *voche*, accelerando ni *achelerando*.
- ch yao sasa ndio *k*. Che ni *ke*, scherzando ni *skertsando*.
- sc mbele ya e au i ni *sh*, ndio maana crescendo ni *kreshendo*.
- g mbele ya e au i ni *j*, kwahiyo adagio ni *adajo*, ile i haisikiki. Wakitaka g ibaki g wanaweka h: larghetto ni *largetto*.
- gn ni *ny* kabisa, ileile ya nyumba. Segno ni *senyo*.
- z ni *ts* au *dz*: senza ni *sentsa*, mezzo ni *medzo*.

Konsonanti ikiandikwa mara mbili inabanwa kidogo, tutti, allegro, troppo, usiipite haraka. Na kuna maneno machache yanayokataa sheria ya mkazo, SU-bi-to, RA-pi-do, can-TA-bi-le. Hayo jifunze kwa sikio.

Neno moja limenichosha: *Fine*. Linasomwa *fi-ne*, maana yake mwisho. Sio *faini*. Kila kwaya ina mtu anayesema "tunarudi D.C. al faini", na akishasema yeye wiki mbili mbele kwaya nzima inasema hivyo. Hivyohivyo *come*, hilo sio la Kiingereza la njoo, linasomwa *ko-me* na maana yake ni "kama". *Come prima*, kama mwanzo.

Sheria yangu kwa wanafunzi: usiandike neno kwenye daftari kabla hujalitamka kwa sauti mara kadhaa. Ukilisoma kimoyomoyo kwa matamshi ya Kiingereza utakuja kulijifunza mara mbili.

Hatua ya 2: vineno vidogo kwanza

Watu wengi wanaanza na maneno makubwa, allegro, maestoso, alafu vile vidogo wanavipuuza. Geuza. Haya hapa chini ndio yanatokea kila ukurasa na ndio yanayobadilisha maana:

*con* (kwa, pamoja na), *senza* (bila), *ma* (lakini), *e* au *ed* (na), *non* (si), *troppo* (kupita kiasi), *molto* na *assai* (sana), *poco* (kidogo), *più* (zaidi), *meno* (pungufu), *sempre* (muda wote), *subito* (ghafla, papohapo), *quasi* (kama vile), *al* (mpaka kwenye), *dal* (kutoka kwenye).

Kumi na kitu tu. Sasa chukua mstari unaotisha: *Allegro ma non troppo, sempre legato e poco a poco cresc. al fine*. Ukate: haraka / lakini / si / kupita kiasi, muda wote / imeunganishwa / na / kidogo kidogo / ikikua / mpaka mwisho. Umesoma sentensi nzima ya Kiitaliano na maneno makubwa ndani yake hata hayazidi manne.

*Meno mosso* basi ndio hiyo: mwendo pungufu, punguza. *Più mosso*: ongeza. Na angalia, *mosso* inahusu mwendo, ila *più* na *meno* zinaweza kukaa mbele ya neno lolote, *più forte*, *meno forte*, kwahiyo usikariri "meno maana yake polepole", utaumia.

Hatua ya 3: mikia ya maneno

Hapa ndio penye utamu na ndipo nakaa sana nikifundisha.

Mkia *-issimo* ni "mno": fortissimo, pianissimo, prestissimo. Mkia *-etto* au *-ino* ni udogo, kama tunavyoweka ki- kwenye kitoto: allegretto ni allegro ndogo, yaani haraka lakini haijafika, larghetto ni largo ndogo, yaani pole lakini haijafika pole ya largo. (Andantino ndio kichwa ngumu ya darasa, leo wengi wanaielewa kuwa haraka kidogo kuliko andante ila zamani wengine waliichukua kinyume, hata Beethoven aliwahi kumwandikia mchapishaji wake wa Scotland kumuuliza anamaanisha ipi. Ukikutana nayo sikiliza wimbo wenyewe unataka nini.)

Mkia *-ato*, *-uto*, *-ito* ni kitu kilichofanyika, -wa yetu. Legato, imefungwa pamoja, nota zinashikana. Staccato, imetenganishwa. Marcato, imewekewa alama, piga mkazo. Alafu kuna familia ya kushika: *tenuto*, nota imeshikwa ipate urefu wake wote, *sostenuto*, imeshikiliwa, *ritenuto*, imezuiwa, mwendo unavutwa nyuma. Watatu ndugu wa baba mmoja, hakuna haja ya kuwakariri mmoja mmoja.

Na sasa mkia *-ando*, *-endo*. Huu ni ile -ki- yetu ya "akija", "ikipungua", kitu kinaendelea. Crescendo: ikikua. Diminuendo: ikipungua. Rallentando: ikilegea mwendo. Accelerando: ikiharakisha. Morendo: ikifa, sauti inazimika taratibu.

Mtu akielewa -ki- hiyo anaacha kosa ambalo nadhani ndio namba moja kwenye kwaya zetu. Mwanakwaya anaona *cresc.* na palepale anafungulia koo. Hapana! Neno limesema *ikikua*, kwahiyo mahali lilipoandikwa wewe bado uko chini, unaanza kukua kutoka hapo. Kama baa nne zilizopita mlikuwa *p* (piano) na baa nne mbele kuna *f* (forte), basi pale penye neno *cresc.* sauti yako ni *p* ileile, baa ya pili *mp*, ya tatu inakaribia *mf*, na *f* unaifikia ilipoandikwa, sio kabla. Ukilipuka mwanzoni huna pa kwenda, na soprano watapiga kelele. *Dim.* nayo hivyohivyo kwa kurudi, pale ilipoandikwa bado una nguvu zako zote.

Jaribuni hivi kwenye mazoezi: imbeni ngazi d r m f s l t d' kwa *p* hadi *f*, kila nota ipande daraja moja dogo tu, mwalimu anasimamisha popote na kuuliza "tuko wapi?" Mkishajua mko wapi, neno limeingia.

Hatua ya 4: maneno ya mwendo, yapange kwa mstari

Usiyapange kwa alfabeti. Chora mstari mmoja kwenye karatasi, kushoto pole kulia haraka, uyaweke: largo, larghetto, adagio, andante, moderato, allegro, presto, prestissimo. Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo, iliyosajiliwa na Maelzel mwaka 1815 ndio iliyotupa namba za mapigo kwa dakika, na kwenye vile visanduku vya zamani vya mbao utakuta largo 40 mpaka 60, adagio 66 mpaka 76, andante 76 mpaka 108, moderato 108 mpaka 120, allegro 120 mpaka 168, presto 168 mpaka 200. Pakua metronomu ya bure kwenye simu, weka 60, tembea nayo chumbani, alafu 92, alafu 132. Ukifanya asubuhi unapopiga mswaki inatosha kabisa, baada ya muda mtu akikwambia andante mguu unajua.

Ila namba zisikufunge. Maneno haya yalianza kama hali ya moyo na mwili kabla hayajawa spidi: allegro ni furaha, andante inatokana na kwenda, ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, largo ni pana, grave ni zito. Kwahiyo allegro inayokimbizwa huku imenuna sio allegro, na kwaya inayoimba andante imelala njiani nayo haijatii.

Na kuna jambo watu wanasahau: neno la mwendo linahusu *pigo*, na pigo linategemea alama ya mapigo mwanzoni. Mfano mzuri ni Ave verum corpus ya Mozart, ile aliyoitunga Baden karibu na Vienna, Juni 1791, miezi michache kabla hajafa. Kwaya nyingi za Kikatoliki zinaiimba. Juu imeandikwa *Adagio*, na mapigo ni ile C iliyokatwa katikati, maana yake unahesabu mawili kwa baa, sio manne. Sasa mkuu wa kwaya anaona Adagio, anahesabu manne ya polepole, wimbo unageuka kamba ndefu waimbaji wanaishiwa pumzi katikati ya sentensi. Hesabu mawili ya utulivu, wimbo unapumua wenyewe. Alafu uone kitu kingine, Mozart kwenye wimbo mzima wa baa 46 karibu hajaandika maelekezo ya nguvu ya sauti, kuna *sotto voce* tu mwanzoni. Sotto ni chini, voce ni sauti: sauti iliyoshushwa, karibu ya kunong'ona lakini bado mnaimba. Mkilielewa hilo moja mmemaliza nusu ya kazi, msipolielewa mtaimba kama maandamano.

Hatua ya 5: nguvu ya sauti

Hii ni fupi kwasababu wengi mnaijua: pp, p, mp, mf, f, ff. Mezzo ni nusu. Cha kuongeza ni kwamba *fp* ni piga kwa nguvu alafu papohapo shuka, *sf* au *sfz* ni mkazo wa ghafla kwenye nota ile moja tu, na *p subito* ni kushuka bila ngazi, jana *f* leo *p*. Basi.

Hatua ya 6: ramani ya wimbo

*D.C.* ni da capo, kutoka kichwani, yaani mwanzo kabisa. *D.S.* ni dal segno, kutoka kwenye alama, ile S iliyokatwa kwa mstari na kuwekewa vidoti. *Al Fine*, mpaka penye Fine. *Al Coda*, mpaka palipoandikwa kuruka, alafu unaruka kwenda coda, na coda ni mkia.

Kabla ya kuimba wimbo mpya chukua penseli na ufuate njia nzima kwa kidole bila sauti: naanza hapa, narudia hapa, narudi kwenye segno, naruka, namalizia. Mkirudi kwa D.C. kawaida yale marudio madogo ya ndani hayarudiwi tena, isipokuwa mtunzi ameandika. Mpiga kinanda na kwaya wakubaliane hilo *kabla*, maana hakuna aibu kubwa kama kinanda kimeenda coda na waimbaji wa sauti ya tena (tenor) bado wako beti la pili mbele ya askofu.

Hatua ya 7: vifupisho vinavyofanana

*Rit.* inasumbua dunia nzima. Mara nyingi ni ritardando, punguza taratibu, ila wengine wanaiandika wakimaanisha ritenuto, ambayo inapunguza mara moja. Ukiona *riten.* basi ni ritenuto. *Rall.* ni rallentando na haina utata. Baada ya hapo tafuta *a tempo*, rudi kwenye mwendo, au *Tempo I*, rudi kwenye mwendo wa mwanzo kabisa wa wimbo, na hivyo viwili havifanani kama katikati mlishabadilisha mwendo.

Sio kila kitu ni Kiitaliano pia. *Tacet* (kaa kimya) na *ad lib.* ni Kilatini. Usihangaike kuyakata kwa mikia ya hatua ya 3.

Na tafadhali, usitafsiri kwa kitafsiri cha simu. Andika *tempo* peke yake, inaweza kukuletea hali ya hewa, kwasababu Waitaliano wanalitumia neno hilohilo.

Hatua ya 8: namna ya kuyakaza kichwani

Kadi. Kata maboksi, upande mmoja neno, upande wa pili *usiandike tafsiri tu*, andika utafanya nini na koo au vidole: "staccato, kata nota fupi, tumbo linaruka". Pitia kesho, alafu baada ya siku tatu, alafu wiki, zinazokukataa zirudishe mwanzo. Ukipenda simu, programu ya Anki inafanya mahesabu hayo yenyewe. Weka maneno ya nyimbo mnazofanyia mazoezi mwezi huu tu, mengine yasubiri.

Na fanya kinyume pia, ambacho wengi hawafanyi: mwenzako aimbe mstari mmoja, wewe useme hilo ni neno gani. Tumia mstari mmoja mnaoujua wote, auimbe dolce (kwa utamu), auimbe pesante (kwa uzito), auimbe leggiero (kwa wepesi). Kwenye grupu la WhatsApp la kwaya mnaweza kutumiana voisi za sekunde kumi na kubashiri, watu wanacheka na wanajifunza.

Kijerumani na Kifaransa vinapoingia

Karne ya 19 watunzi kama Schumann walianza kuandika maelekezo kwa lugha yao, na baadae Debussy akaandika kwa Kifaransa. Mitihani ya nadharia ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, nayo inadai lugha hizi ukifika gredi za juu kidogo, na bila nadharia ya gredi ya 5, au cheti kinachokubalika badala yake, huendi vitendo vya gredi ya 6, kwahiyo haikwepeki.

Njia ni ileile, vidogo kwanza. Kijerumani: *sehr* sana, *nicht* si, *zu* kupita kiasi, *etwas* kidogo, *mit* kwa, *ohne* bila. Alafu *langsam* pole, *mässig* wastani, *lebhaft* changamfu, *schnell* haraka, *ruhig* tulivu. *Nicht zu schnell*, unaona, ni binamu wa allegro ma non troppo. Kifaransa: *très* sana, *un peu* kidogo, *plus* zaidi, *moins* pungufu, *sans* bila, *avec* kwa, halafu *lent*, *modéré*, *vif*. Debussy atakupa *cédez*, legeza mwendo, na *en dehors*, sauti hii itokeze juu ya zingine.

Mitego mikubwa iko kwenye majina ya nota zenyewe. Mjerumani akiandika B anamaanisha B iliyoshushwa, yaani B flati, na B ya kawaida yeye anaiita H. *h-Moll* ni B maina. Mkia -is unapandisha, -es unashusha: *Fis* ni F shapu, *Es* ni E flati.

Mwingine ni *do*. Sisi tuliolelewa na solfa ya John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19, tunajua do inahama, "Doh ni G" imeandikwa juu ya karatasi na kila mtu anaanza hapo. Kwa Mfaransa na Mwitaliano do ni C tu, milele, na *sol majeur* ni G meja. Kwahiyo mwanakwaya wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma solfège ya Kifaransa akikaa na mwenzake wa Mwanza, wote wanasema do, wanaimba nota mbili tofauti, na kila mmoja anaona mwenzake hajui. Ulizeni kwanza, "do yako inahama au imekaa?" Hata urefu wa nota majina yanatofautiana, nota ya pigo moja ambayo shuleni kwetu tunaiita krocheti, programu za simu za Kimarekani zinaiita nota ya robo, na Mkongo anaiita *noire*.

Ukikutana na neno geni katikati ya mazoezi na hakuna intaneti: kwanza angalia mtunzi ni wa wapi na maneno mengine ya ukurasa ni lugha gani, alafu likate, kichwa na mkia, uone kama kuna kineno unachokijua, alafu angalia nota zenyewe zinafanya nini pale, zinapungua, zinarefuka, zinapanda. Zungushia penseli, imbeni kwa kubahatisha hivyo, na anayeenda nyumbani penye bando aangalie usiku aandike jibu pembeni kwenye karatasi zote, sio yake tu.